Mvinyo wa Mama Kokoto

Kosa la Huguette Bouveret lilikuwa kosa la bidii, na kosa la namna hiyo ni gumu kusamehewa, maana aliyelifanya hana haya hata chembe. Mvivu akiharibu kitu huomba radhi kabla hujamgeukia. Huguette aliharibu mapipa saba kwa mikono yake mwenyewe, siku mbili mfululizo, mgongo ukimuuma, kisha akafagia sakafu na kusimama mlangoni akingoja kusifiwa.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, bibi harusi wa miezi miwili. Aimé Bouveret alimtoa kwao Bourgogne mwezi wa Septemba 1963 na kumleta kwetu Rochevigne, katika vilima vya Jura. Kwa gari ni mwendo wa saa mbili tu, lakini kwa mambo ya mvinyo ni kama kuvuka bahari. Baba yake Huguette alikuwa mtunza mapipa wa tajiri mmoja kule, na nyumbani kwao kila Jumamosi ilikuwa siku ya kujaza. Mbao za pipa hunywa mvinyo kidogo kidogo, mvinyo hushuka, hewa inaingia juu yake, na kule kwao hewa ndiyo adui namba moja. Mtoto aliyekutwa na pipa pungufu alipata kofi lake na kulala bila supu. Mvinyo wa kujazia ukikosekana, walitumbukiza kokoto safi za mtoni mpaka mvinyo upande na kufika mdomoni. Huguette alijua kazi hiyo kabla hajajua kusoma.

Hapa kwetu mvinyo wa fahari ni ule wa njano, na mvinyo wa njano haujazwi. Unautia pipani, unaliacha, unakwenda zako. Miaka sita na zaidi hakuna wa kuligusa. Mvinyo unapungua, na juu yake unatanda utando mweupe, mwembamba, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Utando huo ndio mlinzi wake na ndio unaoupa ladha ya kokwa za jozi na viungo. Ukiuvunja, umeua. Kwetu hata kupiga chafya karibu na pipa la njano ni utovu wa adabu. Lakini nani alimwambia Huguette? Hakuna. Sisi huzaliwa tunalijua jambo hilo, kwa hiyo haikumpitia mtu akilini kwamba kuna kiumbe duniani asiyelijua.

Mwezi wa Novemba, Aimé na mama yake, Bibi Léontine, walikwenda msibani kijiji cha mbali. Mama mkwe huyu alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye funguo zote za nyumba kiunoni, na ndiye aliyekuwa bwana wa ghala la mvinyo lililo chini ya nyumba. Safari hiyo alimwachia mkwewe funguo ili awashe taa na kuangalia panya. Huguette akashuka na mshumaa, akagonga pipa la kwanza kwa kidole, akasikia sauti ya utupu. La pili hivyo hivyo. Akafungua kizibo, akaona ule utando, machozi yakamlengalenga. Masikini mama wa watu, alijisemea, mjane peke yake, hana mikono ya kutosha, kazi imemshinda na aibu inamzuia kusema. Basi akavua koti, akapandisha mikono ya gauni, akaanza.

Waliporudi, Bibi Léontine alisimama katikati ya ngazi za ghala akavuta pumzi puani.

"Nani kafungua mapipa?"

"Mimi, mama. Nimeyajaza yote saba. Pole sana, sikujua mambo yalikuwa yamefikia huku. Yale ya ukutani yalishaota ukungu juu, lakini usiwe na wasiwasi, nimeuzamisha."

"Umeuzamisha."

"Ndiyo, mama. Na mvinyo uliponiishia nikaweka kokoto. Nimezichemsha kwanza."

Aimé alikaa chini palepale kwenye ngazi, kofia mkononi. Mama yake alikwenda mpaka kwenye pipa kongwe kuliko yote, akaliwekea kiganja.

"Hili baba yako ndiye aliyelitia mvinyo, Aimé, mwezi mmoja kabla hajafa. Limetimiza miaka mitano. Na huyu mwanamke uliyeniletea kalitia kokoto."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa mvinyo wa njano wa nyumba ile kwa miaka mingi, na habari ikafika kwa mwoka mikate kabla mkate wa asubuhi haujaiva. Tangu siku hiyo Huguette akawa Mama Kokoto. Watu walimwita hivyo nyuma ya mgongo, kisha wakazoea, wakamwita usoni. Mtu mmoja alimwachia kokoto tatu kwenye dirisha. Huguette alizitia mfukoni, akaenda dukani kwa mwoka mikate Jumapili kukiwa kumefurika, akazipanga mbele ya wote.

"Kuna mtu kasahau mali yake kwangu," alisema. "Aje achukue, mimi ninazo za kutosha."

Hakuna aliyekwenda kuzichukua. Bibi Léontine naye alitaka jambo moja tu: mkwewe asimame nje ya kanisa baada ya misa, mbele ya wakulima wote, aombe radhi. Aimé alimbembeleza mkewe wiki nzima. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimtesa kwa sababu alikaa katikati ya wanawake wawili wasioujua.

"Sema neno moja tu, mpenzi wangu. Neno halikati mtu."

"Nilifanya kazi, Aimé. Ningevunja, ningeiba, ningelewa, ningeomba radhi kwa magoti. Lakini nimefanya kazi niliyofundishwa, na hamkunifundisha nyingine. Mama yako aniombe radhi yeye kwa kuninyamazia."

Huguette hakuomba. Na mimi, niseme ukweli wangu, simlaumu.

Majira ya kuchipua yalipofika, Bibi Léontine aliamuru mapipa yamwagwe. Huguette alishuka kwanza na glasi. Mapipa sita yalikuwa yamekufa kweli, mvinyo wake umechoka, si wa njano wala si wa kitu chochote. La saba lilikuwa na mvinyo mchanga wa mwaka mmoja tu, ambao utando ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kutanda alipoujaza. Alionja. Akaonja tena. Akampelekea Aimé glasi hadi shambani.

Aimé alikunywa, akatazama upande wa mlima, akanywa tena. Mvinyo ulikuwa mkali na safi, una ndimu, una chumvi kwa mbali, una kitu cha jiwe lililolowa mvua.

"Huu haujaharibika," alisema mwishoni.

"Nami ndivyo ninavyosema. Huu ni mwingine."

Jioni hiyo mezani, Huguette aliweka kijiko chini na kumwomba mama mkwe pipa moja kwa mwaka. Moja tu, la kujaza kila Jumamosi kwa namna ya kwao.

"Katika ghala langu?" Bibi Léontine aliuliza. "Pembeni ya mapipa ya njano? Ili siku moja ukosee mlango?"

"Basi nipe banda la majembe."

"Na zabibu utapata wapi? Za kwangu hutagusa."

"Nipe konde la Kunguru."

Mama mkwe alicheka, na haikuwa kawaida yake. Konde la Kunguru ni safu kumi na nne upande wa kaskazini, udongo wa kijivu mzito unaong'ang'ania kiatu mpaka mtu anarudi nyumbani na mguu mmoja mtupu. Tangu mumewe afe lilikuwa limeachiwa miiba.

"Lichukue," alisema. "Na nikuambie jambo. Mvinyo wako huo sitauonja, hata nikifa kwa kiu na wewe umesimama na mtungi."

"Hujaombwa, mama," Huguette akajibu, akachukua kijiko chake akaendelea na supu.

Mnadhani alilishwa maneno hayo na nani? Hakuna. Alizaliwa nayo.

Alifyeka miiba majira mawili ya baridi. Alipogoa mizabibu iliyobaki, akapanda mingine palipokuwa na mapengo, akabeba udongo uliosombwa na mvua akaurudisha juu kwa kapu la mgongoni, kama wanavyofanya wanaume wawili kwa kupokezana, ila yeye hakuwa na wa kupokezana naye. Aimé alimsaidia kwa kujificha, mama yake asione, na mama yake aliona kila mara. Mwaka 1966 Huguette alikuwa na pipa moja bandani, na kila Jumamosi alilijaza, jua au theluji. Alijifungua binti siku ya Ijumaa, na Jumamosi akamtuma Aimé na faneli, akimpigia kelele maelekezo kupitia dirishani.

Tatizo likawa jina. Ili mvinyo uandikwe jina la Rochevigne, lazima upite mbele ya kamati ya waonjaji, wakulima watano wa hapahapa, wanaokaa kila mwezi wa Machi katika ukumbi wa kijiji. Chupa zinafungwa kwa magazeti na kupewa namba, ili mtu asipendelewe wala kuonewa. Mwenyekiti alikuwa Firmin Cattenoz, mwenye hekta nyingi kuliko wote na tumbo la kulingana nazo. Sasa, kuificha chupa ya Huguette kwa gazeti ulikuwa mchezo wa kitoto, kwa sababu ndiyo pekee isiyonukia jozi. Firmin aliinusa tu, akaisukuma. Kwenye karatasi akaandika maneno matatu: si wa hapa.

Mwaka wa pili akaandika hivyo hivyo. Na wa tatu. Mvinyo uliokataliwa ni lazima uuzwe kama mvinyo wa mezani tu, bila kutaja kijiji, kama mtoto asiyejulikana baba. Huguette aliuuza sokoni siku za Alhamisi, kwenye meza ya kukunja.

"Unatoka wapi mvinyo huu, mama?" wateja waliuliza.

"Sheria inanikataza kusema. Tazama matope ya viatu vyangu, ujijibu."

Watu walicheka, wakanunua, wakarudi. Lakini jambo lenyewe lilimchoma, na hakuna aliyelijua ila Aimé. Kila akisoma maneno yale matatu aliona hayakuandikwa kwa ajili ya chupa. Alikuwa amezaa hapa, amezika mimba moja hapa, mikono yake imepasuka kwa udongo wa hapa, na bado kwa mwoka mikate alikuwa yule wa kuja. Walimshauri aache. Walimshauri auache utando utande kama watu wengine, apite, aishi kwa amani. Alipeleka chupa mara kumi na nane, ikakataliwa mara kumi na nane, na kila Machi alivaa gauni lake la kanisani kwenda kukataliwa.

Majira ya baridi ya 1984 alifariki mkulima mzee kuliko wote kijijini. Kwetu mkulima mwenye umri mkubwa ana kiti chake kwenye meza ya kamati: hapigi kura, ila ana haki ya kuonja kila chupa na kusema. Kiti hicho sasa kikamwangukia Bibi Léontine, mwenye miaka themanini na minane.

Machi iliyofuata, asubuhi ya siku ya kuonja, Huguette alipiga magoti kumfunga mama mkwe viatu, kwa sababu mgongo wa yule bibi ulikuwa haukunji tena. Miaka ishirini chini ya paa moja, na mazungumzo yao yote yangejaa kwenye kibweta kimoja cha chumvi.

"Leo utanimaliza, mama," Huguette alisema bila kuinua kichwa.

"Nitasema nitakachoonja. Kaza huo wa kushoto."

Ukumbini wakulima walisimama kuzunguka kuta. Mezani palikuwa na jibini, mkate, ndoo ya kutemea. Chupa zikapita moja moja. Namba nne, wa njano wa nyumba ya Bouveret, uliwafanya wote watano wafumbe macho. Baada ya ajali ya kokoto, Bibi Léontine alikuwa ameanza upya pipa kwa pipa, na sasa mvinyo wake ndio uliokuwa ukipelekwa kwenye maonyesho makubwa kwa heshima ya kijiji kizima. Ikafika namba kumi na moja. Firmin akanusa, akasukuma glasi.

"Huu si wa hapa. Tuendelee, ya kumi na mbili."

"Mimi sijaonja," Bibi Léontine alisema.

"Usijisumbue, mama. Huu ni ule wa..."

"Ule wa nani? Si umefunikwa? Au wewe Firmin siku hizi unaona ndani ya magazeti?"

Watu ukutani walicheka. Huguette hakucheka. Alimwona mama mkwe akishika glasi kwa mikono yote miwili, akinywa, akiutembeza mdomoni kwa muda, akiumeza. Hakutema. Akala kipande cha jibini, akanywa tena.

"Umejazwa," alisema. "Umejazwa kila wiki na mtu asiyejua kusahau. Mimi nisingefanya hivi hata kwa kufungwa kamba. Na sijaupenda."

Firmin akatabasamu, akashika kalamu.

"Sijamaliza. Huu ni Kunguru. Safu za chini, upande wa kisima. Magoti yangu niliyaacha pale mwaka wa baridi kuu, nikiwa na mimba ya Aimé. Udongo ule siusahau mdomoni hata nikizikwa. Sasa nani kasema si wa hapa?"

"Udongo ni wa hapa, mama, sikatai," Firmin alisema kwa sauti ya kumtuliza mtoto. "Ila namna yake si ya hapa. Sisi tuna mila zetu. Huyu ametuletea mambo ya kwao."

"Ana miaka ishirini anapinda mgongo kwenye konde lile. Wewe mara ya mwisho kupinda wako ilikuwa lini? Tumbo linakuruhusu?"

Ukumbi ulilipuka. Firmin akawa mwekundu mpaka masikioni, akagonga meza, akaitisha kura. Mikono mitano ikapanda. Umekataliwa, mara ya kumi na tisa.

Bibi Léontine aliinuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akanyoosha mkono mpaka namba nne, akalichana gazeti lake, akaikumbatia chupa kifuani.

"Na huu nautoa."

"Unautoa wapi, mama?"

"Kwenye kamati yako. Konde la mvinyo huu na la ule yanapakana, udongo ni mmoja, mvua ni moja. Kama wa mke wa mwanangu si wa hapa, basi na wangu si wa hapa. Andika."

"Mama Léontine, usitufanyie hivyo. Maonyesho yamebakiza wiki tatu tu!"

"Peleka wa kwako, Firmin. Watu wa mjini wana huruma."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wajumbe watano walisogeza vichwa pamoja, wakanong'ona, mmoja akajifuta jasho. Kisha Firmin akasimama, akatazama dari, akatangaza kwamba kamati imelitazama suala upya na, kwa kuzingatia haya na yale, namba kumi na moja imepita. Makofi yakaanza ukutani. Aimé alivua kofia, akafunika nayo uso.

"Hapana," Huguette akasema.

Makofi yakafa. Alitoka ukutani akaja mpaka mezani, akiwa na gauni lake la kanisani.

"Hujaupitisha, mwenyekiti. Umeogopa tu. Miaka kumi na tisa unanusa na kusukuma. Hujawahi kuunywa hata tone. Nikichukua karatasi hiyo leo nitakuwa nimepewa sadaka, na mimi sikuja kuomba."

"Sasa unataka nini, mama wewe?"

Huguette aliisogeza glasi mbele ya Firmin, akaijaza mvinyo mpaka karibu na ukingo, akavuta kiti akakaa uso kwa uso naye.

"Kunywa. Yote. Mimi sina haraka, shamba nimeshapogoa."

Firmin alitazama huku na huku, akaona kuta zote zina macho. Akanywa funda la kwanza haraka, kama mtu anayekunywa dawa. La pili likaenda polepole. La tatu alilishika mdomoni, na nyusi zake zikatulia zenyewe bila yeye kutaka. Ukumbi mzima ulisikia anavyomeza. Glasi ilipobaki tupu, hakuiweka chini mara moja.

"Umekaa pipani muda gani?" aliuliza, na aliuliza kama mkulima anavyomuuliza mkulima mwenzake.

"Miaka miwili."

"Pipa liko wapi?"

"Bandani, kwenye majembe. Ghalani nilikatazwa kuingia."

Macho yote yakamgeukia Bibi Léontine, naye akawa anahangaika na ganda la jibini kana kwamba halimhusu.

Firmin akavuta karatasi mpya. Akaandika namba, akaandika mwaka, akaandika jina la Huguette, kalamu ikikwaruza. Mkono wake ulipofika mahali pa kuandika jina la kijiji, Huguette aliinama akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapo, mwenyekiti, andika kwa herufi kubwa. Mama mkwe wangu macho yamechoka, na ninataka alisome mwenyewe."